Mtoto anayekiogopa chakula: uzi kwa wazazi wa watoto wenye hisi kali na shida ya kula

Mama Kizota (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, naomba tujadili jambo ambalo kliniki nyingi hulipitia haraka na majirani hulitolea hukumu kabla ya kuuliza swali. Nazungumzia mtoto mdogo anayekataa kula ilhali hajashiba wala hajadekezwa, kwa kuwa mwili wake unakipokea chakula kama kitu cha kutisha.

Binti yangu anakaribia miaka minne. Anakula wali mweupe mkavu, chapati iliyopikwa siku hiyohiyo, viazi vya kukaanga, biskuti za aina moja, ndizi mbivu isiyo na doa, na maziwa. Mchuzi ukigusa wali, sahani nzima imekwisha kuharibika machoni pake. Akiwekewa mlenda mbele yake huondoka mkekani, na maharage yakifika ulimini koo hujikaza na kutaka kutapika, hata kama ameyaweka kinywani mwenyewe kwa hiari. Ugali haukatai kwa sababu ya ladha, kwani kipande kidogo kikavu cha ukoko hukitafuna vizuri. Anachokataa ni ule unato unaobaki vidoleni.

Kama tatizo lingeishia kwenye sahani nisingeanzisha uzi huu. Lebo ya nguo shingoni humliza, sweta la sufu halivai hata asubuhi za baridi ya Dodoma, na kusukwa nywele ni vita ya nyumba nzima. Blenda ikiwashwa huziba masikio na kukimbilia uani, na tukipita karibu na mashine ya kusaga hung'ang'ania shingo yangu. Hata hivyo mtoto huyohuyo hubembea mpaka wenzake wanachoka kumsukuma, hupenda kujibana katikati ya magodoro, na kola za magauni yake zote zimetafunwa. Ndugu zetu wanapoona hivyo husema anaigiza, kwa kuwa hawaelewi inawezekanaje mtu aogope lebo ya nguo na wakati huohuo apende kuangukia magodoro kwa kishindo.

Kwenye kadi ya kliniki mstari wake wa uzito haujaanguka, lakini kwa miezi kadhaa umelala badala ya kupanda. Ushauri niliopewa ni uji wa lishe wenye karanga na soya, na maelezo marefu kuhusu makundi ya vyakula. Siwalaumu wahudumu. Katika nchi ambayo utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ni lazima swali la kwanza liwe kama nyumbani kuna chakula na kama mama anajua kukichanganya. Kwangu chakula kipo na kuchanganya najua, ila mtoto hawezi kukipokea, na kwa hali hiyo kadi haina kisanduku cha kujaza.

Tulipelekwa kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, ile ambayo wengine huiita tiba kazi, inayomsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku, na huko ndiko nilikoanza kuelewa. Tangu hapo mezani kwetu kuna utaratibu mmoja: mimi ndiye ninayeamua kitapikwa nini, kitaliwa saa ngapi na wapi, naye anaamua kama atakula na atakula kiasi gani. Kila mlo una angalau kitu kimoja anachokiweza, na pembeni huwa na kisahani cha chakula kigeni ambacho haombwi kukila. Wiki za mwanzo alikisukuma mbali. Sasa hukiacha kikae, na mara mojamoja hukigusa kwa kijiko.

Ninachoomba kwenu ni uzoefu. Mlitofautishaje kati ya mtoto anayechagua chakula, kama watoto wote, na mtoto mwenye tatizo lenyewe? Mnawaambia nini bibi na mashangazi? Na mwakani akianza shule ya awali, ambako watoto wote hunywa uji uleule kwenye vikombe vya aina moja, nifanyeje?

Kisiki cha Mpingo

Dada, kwa heshima zote, sisi tulikuwa watoto saba na hakuna aliyechagua chakula. Aliyekataa ugali alilala njaa na asubuhi alikula kiporo bila kuulizwa. Mtoto akiona njaa atakula. Haya mambo ya hisi yamekuja na intaneti.

Mkanda Unga

Ndugu Kisiki, mimi ni mtoa tiba kwa vitendo na nimefanya kazi na watoto kwa muda mrefu, kwa hiyo naomba nianzie hapo ulipoishia, maana hoja yako ni ya kweli kwa watoto wengi. Mtoto wa kawaida wa kati ya miaka miwili na sita hupitia kipindi cha kuogopa vyakula vipya, na njaa pamoja na kuwaona wenzake wakila humvusha. Mtoto anayeelezwa na mleta uzi ni mwingine. Kwake njaa hupanda, lakini hofu na kichefuchefu hupanda kuipita. Watoto wa namna hii wanaweza kukaa na njaa mpaka wakapungua uzito na kulazwa, na wengine hata hawaisomi vizuri dalili ya njaa ndani ya miili yao.

Kuhusu intaneti, fikra hii ina umri mkubwa kuliko intaneti. Mwanamke Mmarekani aitwaye A. Jean Ayres, ambaye alikuwa mtoa tiba kwa vitendo na pia msomi wa saikolojia, alichapisha kitabu chake kikuu kuhusu jinsi ubongo unavyounganisha taarifa za hisi mwaka 1972. Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu. Yeye alisisitiza na ile isiyoonekana: hisi ya mizani iliyomo ndani ya sikio, inayotuambia kama tumeinama au tunazunguka, na hisi ya misuli na viungo, inayotuambia mkono uko wapi hata gizani. Siku hizi huongezwa hisi ya ndani ya mwili, ile ya njaa, kiu na haja. Mtoto mmoja anaweza kuwa na ngozi inayosikia kupita kiasi na misuli isiyosikia vya kutosha, ndiyo maana lebo humuumiza na kishindo cha godoro humtuliza. Haigizi.

Sasa angalia kula kulivyo. Ukiketi mbele ya sahani ya wali na maharage, unaona rangi, unanusa, unagusa kwa vidole, unasikia mtafuno masikioni, unaonja, ulimi unasukuma tonge upande wa magego bila wewe kuutazama, na mwili mzima unajizuia usipinduke kutoka kitini. Hakuna kazi nyingine ya utotoni inayodai hisi zote kwa pamoja namna hiyo, tena mara kadhaa kwa siku. Biskuti ya kiwandani leo ni ileile ya jana. Lakini kila kijiko cha maharage ni tofauti: moja limepasuka, jingine lina ganda, jingine limezama kwenye rojo. Mtoto mwenye hisi kali anachagua biskuti kwa sababu haimshtui.

Nieleze pia upande wa pili, maana wenzangu wengine katika fani huuficha. Jina la ugonjwa wa uchakataji wa hisi, yaani ubongo kushindwa kupanga vizuri taarifa za hisi, peke yake halimo katika mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013. Hisi kali au butu zimo humo kama mojawapo ya dalili za usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na mahusiano), lakini si kila mtoto mwenye hisi kali ana usonji. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mwaka 2012 kwamba jina hilo lisitumike kama utambuzi wa kujitegemea, na kwamba tiba za hisi zinaweza kuwa sehemu ya mpango mpana mradi wazazi waambiwe kuwa ushahidi wake bado una mipaka. Mwaka 2022 nchini Uingereza yalitoka matokeo ya jaribio lililohusisha watoto 138 wenye usonji. Tiba ya kuunganisha hisi, ile ya michezo ya kubembea, kugusa na kusukuma, haikuonyesha faida ya wazi ikilinganishwa na huduma za kawaida. Kwa hiyo mtu akikuuzia blanketi zito, bembea maalumu na brashi za kusugulia ngozi kwa bei ya ng'ombe, huku akikuahidi kwamba mtoto atakula ugali baada ya mwezi, funga mkoba wako.

Kinachobaki na nguvu ni kuyafanyia kazi maisha yenyewe ya mtoto. Nitatoa mifano kutoka nyumba za kwetu. Miguu ya mtoto iguse kitu anapokula. Kwenye kiti kirefu cha plastiki miguu inaning'inia na nusu ya nguvu zake inaishia kwenye kujishikilia, wakati kigoda kifupi, au mkeka na ukuta nyuma ya mgongo, humpa utulivu bila gharama. Kabla ya mlo mpe kazi inayochosha misuli, kama kubeba kindoo cha maji, kutwanga na mchi mdogo, kukanda unga wa chapati au kusukuma tairi uani. Watoto wengi huketi wametulia zaidi baada ya hapo. Kitambaa chenye maji kiwe karibu na mkono wake ili ajue unato wa ugali una njia ya kutoka. Mlo usizidi nusu saa, na kati ya mlo na mlo anywe maji tu, maana biskuti moja kila baada ya dakika chache huua hamu ya kula siku nzima.

Namna ya kuongeza vyakula ni kusogea hatua fupi kutoka pale alipo. Mtoto anayekula viazi vya kukaanga hutarajii arukie mchicha. Mpe kipande cha muhogo wa kukaanga kilichokatwa umbo lilelile, baadaye ndizi mbichi ya kukaanga, baadaye kiazi kitamu, kisha kiazi cha kuchemsha kilichopitishwa kidogo kwenye kikaango. Chapati nyeupe inaweza kupata boga lililopondwa, kiasi cha kijiko katika unga wote, na mtoto mwenyewe aonyeshwe boga likiingia. Kuficha chakula ndani ya chakula anachokiamini ni hatari, kwa sababu akigundua atakiacha hata kile alichokuwa anakula, na mtoto mwenye vyakula sita hawezi kumudu kupoteza kimoja. Chakula kipya huhitaji kuonekana mara kumi, kumi na tano, na kwa watoto hawa zaidi, kabla hakijaacha kuwa kigeni. Kukigusa, kukinusa na kumpakulia baba ni hatua halali. Anayehesabu tonge zilizomezwa tu atakata tamaa mapema.

Bibi wa Pangani

Mwanangu mleta uzi, pole na ulezi. Nimesoma yote. Mimi nimelea watoto na wajukuu, na kwetu mtoto akikataa kula na kutaka kutapika kila mara wazee walisema ana kimeo kirefu, akapelekwa kukatwa. Wengine wakaambiwa ana meno ya plastiki. Je, mtoto huyu ameangaliwa kooni? Naandika si kwa kukushurutisha, nauliza tu. Na jingine: mbona siku hizi hamwabebi? Mbeleko ilikuwa inawatuliza.

Mama Kizota (mleta uzi)

Shikamoo mama. Ahsante kwa kuuliza kwa upole, kwani wengine hunifikia na wembe tayari wamekwisha kumpata fundi wake. Daktari alimwangalia koo, tonsili na kaakaa, na hakuna kilichozidi. Kwenye mbeleko tunakubaliana kabisa. Nikimfunga mgongoni kwa kanga tunapokwenda sokoni hulala usingizi katikati ya kelele ambazo vinginevyo zingemfanya apige mayowe.

Muuguzi Mstaafu

Naomba nilijibu swali la Bibi wa Pangani kwa uwazi, kwa sababu wapo wanaosoma uzi huu kimyakimya huku wameshapanga safari ya kwenda kwa fundi. Kimeo ni kiungo cha kawaida cha koo na kila mtu anacho. Kukikata kwa mganga hakuondoi kikohozi wala kukataa chakula. Nimepokea wodini watoto waliokuja wakivuja damu, waliopungukiwa damu kabisa, na waliopata maambukizi yaliyoingia mwilini kupitia kidonda kile. Hayo yanayoitwa meno ya plastiki ni vichipukizi vya meno ya kawaida ya mtoto mchanga. Kuyang'oa kwa kitu chenye ncha huharibu meno yajayo na kumwachia mtoto maumivu ya kinywa. Mtoto aliyeumizwa kinywani ana sababu mpya na ya haki ya kukiogopa chakula.

Vivyo hivyo kuhusu kumlisha kwa nguvu, kumbana pua na kummiminia uji. Mtoto anayelia huvuta pumzi kwa nguvu, na uji hufuata hewa mpaka kwenye mapafu. Baadaye tunatibu nimonia inayojirudia na hakuna anayetaja uji.

Mleta uzi aliuliza namna ya kutofautisha. Mimi huwa naanza na mwili kabla ya hisi. Je, mtoto anakohoa au sauti yake inakuwa kama yenye maji baada ya kunywa? Amepata nimonia zaidi ya mara moja? Anajikunja au kulia kwa maumivu baada ya kula? Ana choo kigumu? Watu hudharau kufunga choo, lakini utumbo uliojaa hauachi njaa ifike, na mtoto anayekula wali mweupe na biskuti karibu kila mara ana choo kigumu. Je, meno yameoza? Amepoteza maneno aliyokuwa anayasema? Ndiyo moja tu hapo ni sababu ya kumwona daktari wa watoto bila kusubiri.

Upimwe pia wingi wa damu. Kwa mtoto wa umri huu hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu, na upungufu wa madini ya chuma wenyewe hupunguza hamu ya kula, kwa hiyo mtoto huingia kwenye duara: asipokula damu inapungua, hamu inapungua, na anazidi kukataa kula. Mtoto anayelamba udongo au kutafuna mkaa apimwe mapema zaidi. Maziwa ya ng'ombe ni chakula kizuri, lakini yakipita takriban nusu lita kwa siku humjaza na kuchukua nafasi ya vyakula vyenye chuma, na chai ya rangi pamoja na mlo huzuia chuma cha mboga na nafaka kufyonzwa. Juisi ya chungwa au maji ya ubuyu pamoja na mlo hufanya kinyume chake. Dawa ya chuma ipatikane baada ya kupimwa damu na kwa dozi aliyoandikiwa. Isinunuliwe dukani kwa kubahatisha, maana ikizidi ni sumu kwa mtoto.

Kuhusu uzito, mkanda wa kupima mkono ni rafiki yenu mpaka miezi 59. Chini ya sentimita 12.5 mtoto aingie kwenye uangalizi wa lishe, na chini ya 11.5 huo ni utapiamlo mkali unaohitaji matibabu haraka. Ila msisubiri mkanda ndipo muamini kuna tatizo. Mtoto anaweza kuwa mnene kwa viazi vya kukaanga na biskuti, huku ndani amekaukiwa vitamini.

Baba Wawili, Mombasa

Nashukuru kwa hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo lililonichukua muda kuwaeleza jamaa zangu. Kijana wangu si mwembamba, na kwa hiyo kila mtu aliniona mimi ndiye mgonjwa. Iko taarifa iliyochapishwa mwaka 2019 na madaktari wa Bristol, Uingereza, kuhusu kijana ambaye tangu shule ya msingi alikula chipsi, krispi, mkate mweupe na nyama chache za kiwandani. Uzito wake ulikuwa wa kawaida. Alipofikia ujana alipoteza uwezo mkubwa wa kuona kwa sababu mishipa ya macho ilikosa vitamini, na haukurudi. Siku hizi hali ya namna yake ina jina rasmi, ARFID kwa kifupi, yaani kuepuka chakula au kula aina chache mno, ambalo liliingia kwenye mwongozo uleule wa 2013 aliotaja Mkanda Unga na baadaye kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Ni tatizo la ulaji lisilohusiana hata kidogo na kutaka kuwa mwembamba. Mimi nilifarijika kujua lina jina, kwa sababu barua ya daktari yenye jina huheshimiwa na walimu kuliko maelezo ya baba.

Swali langu kwa Mkanda Unga: mtoto wetu mdogo ana miezi minane na tunaogopa yasijirudie. Mama yangu anasisitiza uji mwepesi wa kupita kwenye chupa mpaka afike mwaka na nusu, ili asipaliwe. Je, ni sawa?

Mkanda Unga

Mpe mama pole kwa wasiwasi wake, lakini uji wa chupa mpaka umri huo si salama kama unavyoonekana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kuanza chakula cha nyongeza miezi sita ikitimia, kukifanya chakula kiwe kizito na chenye vipande taratibu, mtoto ashike chakula mwenyewe karibu na miezi minane, na akifikisha mwaka ale chakula cha familia kilicholainishwa inapobidi. Wapo watafiti waliofuatilia watoto wa eneo la Avon, Uingereza, ambao mwaka 2009 walieleza kwamba walioanzishiwa vyakula vya mabonge baada ya miezi tisa walikuwa na shida zaidi za kula walipofika miaka saba. Ulimi hujifunza kusukuma tonge pembeni kwa kupewa tonge. Ndizi iliyopondwa kwa uma, parachichi, kiazi kitamu kilichoiva sana, ugali mlaini na mchuzi mzito vinatosha kuanzia.

Mwambie pia mama kwamba kutaka kutapika na kupaliwa ni vitu viwili. Mtoto anayetaka kutapika hutoa sauti, uso huwa mwekundu, ulimi hutoka nje, na chakula hurudi mbele: huo ni mwili unajilinda. Anayepaliwa hasa huwa kimya au sauti yake hukatika, na huyo anahitaji msaada papo hapo. Karanga nzima, bisi na vipande vya karoti mbichi viepukwe mpaka apite miaka minne, hata kama mtoto mwenye hisi kali anapenda sana vitu vinavyovunjika kwa mlio. Karanga zilizosagwa na kupakwa nyembamba kwenye chapati zinafaa.

Kisiki cha Mpingo

Nimesoma mpaka hapa na nakiri sikuwa nimelifikiria jambo la mapafu. Hata hivyo bado nauliza. Mtoto akipewa kila siku anachokitaka, atajifunza lini? Sisi tunaokula kwenye sinia moja hatuwezi kupika vyungu viwili.

Mama Kizota (mleta uzi)

Kaka Kisiki, sipiki vyungu viwili. Wali uleule wa familia naupakua wa kwake kabla mchuzi haujamwagwa, na ukoko wa ugali humbandulia kutoka sufuria hiyohiyo. Chakula kigeni kwenye kisahani cha pembeni ni kile tunachokula sisi. Tulipokuwa kwa wakwe, ambako hula kwenye sinia, aliketi kwenye duara na kisahani chake mbele ya miguu, na baba mkwe hakuona kwamba adabu imevunjwa. Alichokataza ni watu wazima kumtolea macho. Nadhani alifahamu jambo hili kuliko sisi sote, kwani mtoto akijua anatazamwa na kila tonge linapigiwa makofi, hufunga mdomo.

Kwa mashangazi nimeacha kueleza habari za ubongo. Nimewapa kazi. Mmoja anamfundisha kukanda unga, na mikono ile isiyovumilia ugali sasa huvumilia unga mkavu, halafu unga wenye mafuta, na juzi unga wenye maji. Mwingine ndiye msusi wake. Husuka mistari minne tu, baada ya kumkandamiza kichwa kwa viganja viwili, naye hukaa. Wamepata la kufanya na maneno yamepungua.

Nimelisoma la hemoglobini na la choo. Kipimo cha damu hatukuwahi kufanyiwa, na nimeshaomba miadi. Ila bado sijajibiwa kuhusu shule.

Baba Wawili, Mombasa

Dada, kwetu hapa kuna vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, na karatasi waliyotupa ndiyo tuliyoipeleka shuleni. Huko kwenu sijui mlango ni upi, lakini la muhimu kwangu halikuwa karatasi. Nilimwona mwalimu wa darasa kabla muhula haujaanza, bila mtoto kuwapo, nikaomba mambo machache kabisa: asilazimishwe kumaliza kikombe, aruhusiwe kuleta chakula chake kilichofungwa, aketi mwisho wa benchi ili asibanwe pande zote wakati wa kula, na asitolewe mfano mbele ya wenzake. Nilimweleza pia kwamba akianza kutafuna kola, hiyo ndiyo dalili ya kuzidiwa, na dawa yake ni kutumwa abebe madaftari mpaka ofisini na kurudi. Mwalimu alilipenda hilo la kumtuma. Sare tuliinunua iliyotumika, kwa kuwa kitambaa kimekwisha kulainika, na lebo tulizifumua. Sweta tuliligeuza mishono ikakaa nje. Mwalimu mkuu alihoji siku moja, kisha akaacha.

Ombi langu pekee kwako: usimwanzishe shule na chakula kipya katika muhula mmoja. Mwache ale vile anavyoviweza mpaka azoee kelele za darasa.

Mkanda Unga

Naunga mkono hilo la mwisho. Ningeongeza kwamba uji wa shule usiuondoe kabisa mbele yake. Mwombe mwalimu kikombe chake kiwekwe mezani kama vya wenzake, robo yake tu, bila neno lolote. Na kabla ya muhula mpitishe shuleni jioni ambapo hakuna watu, aone vyoo, bomba na mahali pa kulia.

Mama Kizota (mleta uzi)

Ahsanteni. Moja dogo la mwisho, maana biskuti zimeanza kuleta doa jeusi kwenye jino. Dawa ya meno yenye mnanaa humchoma na huitema pamoja na mswaki. Mnafanyaje?

Muuguzi Mstaafu

Anza na mswaki mkavu au wenye maji tu, umkabidhi autafune mwenyewe, kisha wewe upige mswaki ukiwa nyuma yake na kichwa chake kimeegemea kifua chako, magego kwanza na meno ya mbele mwisho, kwa sababu fizi za mbele husikia zaidi. Watoto wengine huukubali mswaki wa mti kuliko wa plastiki, kwa kuwa una ukinzani. Dawa ya meno itafutwe isiyo na mnanaa lakini yenye floridi, kiasi cha punje ya njegere, na ianze kwa kuguswa tu kwenye ncha ya mswaki. Doa hilo lionwe na daktari wa meno mwezi huu huu, na umweleze mapema kwamba mtoto hapendi taa usoni ili amvalishe miwani ya jua.